Kikombe Ulichokipokea kwa Mikono Miwili

Nakundwa mwanangu,

Umeshuka na mtoto wetu Mbonea kwenda kumuaga shangazi yako, na najua kule hawakuachii mapema, watakulisha makande mpaka ushindwe kupanda kilima. Basi nimevuta kiti nje ya jiko niandike kabla hujarudi. Kesho gari la Kihurio likija nitakuwa na kazi ya kulia na kufunga mizigo, na mimi siwezi kulia na kusema kwa pamoja. Unanijua.

Sikuandikii mambo ya kumwogesha mtoto. Hayo nimekuimbia tangu ulipokuja kujifungulia hapa nyumbani, mpaka juzi ukaniambia, "Mama, na mimi nina masikio." Haya. Kumfunga mgongoni unajua, kitovu kimepona, chandarua nimekiweka juu kabisa kwenye begi kwa sababu mbu wa kule bondeni wana njaa. Imetosha.

Nataka kuongea na wewe kuhusu kile kikombe cha Jumamosi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya wageni na sinia la ndizi. Wakwe zako walikuja kukutoa uzazini, na Mama Elia, mama mkwe wako, alikuwa amebeba kibuyu chake mwenyewe tangu Kihurio, hakutaka mtu amsaidie. Alipokifungua, harufu ya dengelua, ile pombe yetu ya miwa, ikajaa sebule nzima. Akamimina kikombe cha kwanza akakuletea wewe, kama mama zetu wote walivyoletewa: mzazi anywe kwanza, maziwa yashuke, ndipo wengine waguse. Watu wote wakakutazama. Nikawaza, huyu ni mgeni kwenye ukoo wao, anaenda kuishi nao kule chini na sisi tunabaki huku juu. Akikataa, watamchukia. Akinywa, basi ndiyo imeanza, na kesho asubuhi ataletewa tena.

Wewe ukapiga magoti. Ukapokea kwa mikono miwili. Ukasema, "Ahsante mama. Nimepokea, na upendo wako nimeuona. Ila ninachokunywa mimi na Mbonea anakunywa, na hiki yeye bado hajakifikia. Naomba uninywee wewe, mama yangu." Ukamrudishia kikombe chake taratibu, ukiwa bado umepiga magoti.

Looo! Nilitamani kupiga vigelegele mpaka wasikie Same mjini. Niling'ata mdomo tu kwa sababu shangazi yako alikuwa ameshasema "Heee!" kwa sauti kubwa, na Mama Elia alikuwa amekiweka kikombe mezani bila kukionja. Uso wake uligeuka. Na tangu siku hiyo, muda wote aliokaa hapa Myamba kwa mpwa wake akisubiri kusafiri pamoja nawe, hajanipa neno zaidi ya salamu.

Najua unaumia. Juzi ulinifuata jikoni ukaniuliza, "Mama, nimeharibu?" Nikakwambia hujaharibu, nikachukua ndoo nikaenda bombani. Haikuwa shida ya maji. Jibu lilikuwa refu na chozi lilikuwa karibu. Jibu lenyewe ndilo hili.

Ulipozaliwa wewe, mimi nilikunywa.

Hadithi hii umeisikia vipande vipande, Bibi yako akitia chumvi zake, lakini sasa isikie kwangu. Nilikuwa msichana tu, nimeolewa hapa, baba yako anafanya kazi Mwanga anapanda huku akipata nafasi. Nilikuwa mikononi mwa mama mkwe wangu, yaani Bibi, na Bibi wa siku zile siye huyu anayemwimbia Mbonea. Bibi wa siku zile alikuwa akikohoa tu, kuku wanatulia. Alikuwa mkubwa wa akina mama kanisani. Mlevi akipita njia hii alikuwa anavuka mtaro apite upande wa pili, kwa kumwogopa yeye.

Na Bibi huyohuyo ndiye aliyekuwa ananiletea kibuyu kila asubuhi. Alikata miwa yake mwenyewe kule chini kwenye mfereji, akaitwanga, akaikamua, akaweka maji yake kibuyuni na kukining'iniza karibu na moto ili yasipoe, kwa ajili yangu mimi mzazi. Siku ya kwanza ile ni juisi tamu, unaweza kumpa mtoto wa shule. Siku ya pili inaanza kukushika masikio. Siku ya tatu ni dengelua kamili, na kwa kuwa kibuyu hakioshwi, kinaongezewa tu, basi kila siku ilikuwa siku ya tatu. Lakini ungemwambia Bibi kwamba hiyo ni pombe angekufukuza uani kwake. "Hii si pombe," alikuwa anasema. "Hii ni ya maziwa." Na mimi niliamini, kwa sababu matiti yalikuwa yanajaa kweli, yanakuwa magumu, yanauma. Niliona kwa macho yangu.

Na wewe ulikuwa unalala. Wee! Ulikuwa unalala wewe! Watoto wa majirani wanalia, mama zao wana macho mekundu, mimi nimejipaka mafuta nimekaa nje kama bi harusi. Watu wakija wanasema, "Mtoto mpole huyo, hasumbui, umebarikiwa." Na mimi naitikia kwa maringo. Nilijiona nimezaa vizuri kuliko wanawake wote wa milima ya Upare.

Kwenye mzani wa zahanati ndipo maringo yaliponitoka. Ulikuwa hujaongezeka, ulikuwa umepungua. Muuguzi akaniuliza kama nakunywa pombe. Nikamwambia, "Mimi? Thubutu! Sijawahi." Na sikuwa nasema uongo, ndivyo nilivyojua. Akauliza asubuhi nakunywa nini. Nikamwambia, ya maziwa. Akanitazama, akaweka kalamu chini.

Alinieleza vizuri, bila kunigombeza. Kwamba pombe ikiingia kwenye damu yangu inaingia na kwenye maziwa yangu. Kwamba mtoto mdogo hana ini la kupambana nayo kama mtu mzima, analegea, anasinzia ovyo, hanyonyi ya kutosha. Na matiti hayakuwa yanajaa kwa sababu maziwa yameongezeka. Yalikuwa yanajaa kwa sababu pombe inayazuia kushuka, yanabaki humohumo, na wewe umeshachoka kuvuta umelala. Nilimsikiliza, nikamshukuru, na njiani nikasema moyoni, huyu dada hajui mambo ya huku. Nilipofika nyumbani Bibi akaniletea kikombe, nikanywa.

Huo ndio ubishi wangu, na wewe umerithi kidogo.

Sasa ilikuja siku ya wanawake kuja kukuona. Kila mmoja alikuja na kibuyu chake, na desturi ni ileile, mzazi aonje cha kila mtu. Kukataa cha mmoja ni kusema mkono wake hauna baraka. Nilionja cha huyu, nikaonja cha yule, tukacheka, nikafurahi sana, sitakuficha, ilikuwa siku nzuri. Walipoondoka jua lilikuwa bado kali. Nikaingia ndani, nikajilaza nikunyonyeshe. Kilichofuata sikijui. Nilichosikia ni Bibi akipiga kelele na mikono yake ikinisukuma kama gunia. Nilikuwa nimekulalia. Bega langu lilikuwa juu ya uso wako.

Bibi alikuvuta, akakugeuza, akakupiga mgongoni, akakupulizia. Ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa. Nakuambia, Nakundwa, mimi nimefiwa na baba, nimefiwa na dada, lakini sijapata kuogopa kama vile nilivyoogopa pale kitandani nikisubiri ufanye chochote, hata kupiga chafya. Ukakohoa. Halafu ukalia. Hafifu hivi, lakini ukalia.

Bibi akanigeukia. Alinisema kwa Kipare maneno ambayo sitayaandika hapa, na mwisho wake akasema, "Unataka kuniulia mjukuu!" Na mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kumtazama usoni yule mama, nikasimama nikiwa nayumba, nikampigia kelele: "Na kibuyu ni cha nani? Nani ananipa kila siku? Pombe ni yako, mama! Ni pombe, ni pombe, ni pombe!"

Nilidhani atanipiga. Badala yake alikaa chini, sakafuni, na wewe kifuani kwake. Halafu akasema polepole, "Kuna mwanangu mmoja alilala hakuamka. Tuliambiwa ni mapenzi ya Mungu." Hakuna ajuaye kilichomchukua yule mtoto, huenda ni kingine kabisa. Lakini niliketi karibu naye, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mimi na Bibi yako kulia pamoja.

Kuanzia siku ile, mwanangu, ulianza kulia. Si kilio cha kuumwa. Kilio cha njaa, cha mtu mwenye haki zake! Ulilia alfajiri, ulilia mchana, ulilia kanisani mchungaji akanyamaza kukusikiliza. Ukishika titi ulikuwa unavuta mpaka naona kizunguzungu. Macho yangu yalikuwa mekundu kuliko ya majirani wote, mafuta ya kujipaka nimesahau yalipo, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa kiwango kile. Majirani wakasema, "Maskini, mtoto wake ameharibika." Nikawaambia, ameharibika ndiyo, acheni aharibike hivyohivyo.

Na Bibi? Bibi alihamishia kiti chake mlangoni. Mwanamke akija na kibuyu anamwambia, "Wewe ingia, hicho kibaki nje." Walisema sana. Walisema mkamwana kamgeuza mama wa watu, walisema tunajifanya Wazungu. Mmoja akamwuliza, "Kwani wewe hukunywa?" Bibi akamjibu, "Nilikunywa. Ndiyo maana nimekaa hapa." Tuliporudi zahanati alikubeba yeye mwenyewe, na mzani ulipopanda alipiga vigelegele humo ndani mpaka wagonjwa wakatoka kutazama kuna harusi gani. Muuguzi alijaribu kumnyamazisha akashindwa, akaanza kucheka naye. Tulirudi nyumbani tumekula miwa njia nzima, miwa mitupu ya kutafuna, Bibi akitema makapi kama mtoto.

Leo mzazi wa hapa Myamba anapelekewa uji wa ulezi, maziwa, supu, chai ya tangawizi. Si wote, wapo wanaoficha kibuyu nyuma ya mlango. Lakini wadogo zako wote watatu sikuwanyonyesha tone la dengelua, na hakuna aliyenilaumu kwamba nakosa maziwa. Tulishinda, mwanangu. Wanawake wawili waliokuwa hawapatani hata kwenye kukoroga ugali walishinda.

Ila kuna mahali nilikosea baada ya ushindi, na hili Bibi hakuambii. Niligeuka askari. Nilikuwa nanusa vikombe vya watu. Kwenye harusi moja nilimnyang'anya mama mmoja mwenye kichanga kikombe chake mbele ya wakwe zake, nikamwaga chini, nikajiona nimefanya la maana. Yule mama hakunisalimia tena. Kibaya zaidi, aliacha kumpeleka mtoto zahanati siku ambazo anajua mimi nipo. Nilikuwa na ukweli mkononi na nikautumia kama fimbo. Ilibidi Bibi aende kwake, aombe radhi kwa niaba yangu, ndipo akarudi. Mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu masikioni.

Ndiyo maana Jumamosi, nilipokuona umepiga magoti, nilisema moyoni, huyu amenipita. Mimi nilipata maneno yangu nikiwa nimelewa, mtoto ameshalegea mikononi mwa Bibi, na niliyasema kwa kelele. Wewe uliyasema mtoto akiwa mzima mgongoni kwako, mbele ya ukoo, na hukumvunjia mtu heshima. Nimekuzaa mimi lakini huo utulivu sijui umeupata wapi. Ninajivunia wewe mpaka kifua kinauma. Haya, nimesema, usinitanie ukisoma hapa.

Mama Elia usimwone mshamba. Alibeba kile kibuyu kutoka bondeni kwa miguu yake yenye baridi yabisi, kwa sababu anakupenda na hajui njia nyingine ya kulisema hilo. Akikuletea tena, pokea tena, mrudishie tena. Akinuna, mwache anune. Wewe mnyonyeshe Mbonea mbele yake, amwone anavyovuta.

Na kwa kuwa wewe ni mtu mzima na siwezi kukaa mlangoni kwako kama Bibi, nakuambia na lile ambalo wenzangu hawasemi. Ikitokea siku umeamua kunywa, labda harusi ya mdogo wako, nani ajuaye, basi mnyonyeshe mtoto kwanza, unywe kidogo, halafu usimwekee titi mpaka saa zimepita za kutosha na kichwa kimekuwa chako kabisa. Dengelua hakuna ajuaye nguvu yake, kila kibuyu kina mambo yake, kwa hiyo hiyo iache. Usidanganywe kwamba ukikamua ukamwaga basi pombe imeondoka. Haiondoki hivyo, inaondoka kwa muda tu. Na siku hiyo usilale na mtoto kitanda kimoja. Mpe mumeo Elia alale naye, naye awe hajanywa. Hilo la mwisho nimelilipia kwa hofu kubwa, kwa hiyo usinibishie.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo kwa kukuombea, lakini nimesikia hodi. Nimeinua macho, ni Mama Elia.

Amekuja peke yake. Nimemkaribisha, nimemletea chai, amekaa muda bila kuigusa. Nikajisemea, leo undugu wetu unaishia hapahapa. Halafu akasema, "Mama mwenzangu, nilikasirika."

Nikamwambia, "Najua."

"Nilikasirika siku zote hizi. Nikawa najiuliza nakasirikia nini hasa. Mtoto wa watu kanipigia magoti, kaniita mama yangu, kosa lake liko wapi?" Akazungusha kikombe cha chai mikononi. "Mimi nimezaa sita. Nimekunywa kila nilichopewa. Hakuna aliyenionyesha kwamba mtu anaweza kupokea halafu akarudisha. Sikujua kama inawezekana."

Nikajifuta uso kwa khanga. Machozi yangu unayajua, hayana adabu.

Akaendelea, "Sasa kibuyu tukikiweka pembeni, niambie. Tukifika kule chini, nimpikie nini? Nifanye nini maziwa yawe mengi? Sitaki mjukuu wangu akose."

Nakundwa, jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Uji, maji ya kutosha, mtoto anyonye kila anapotaka, mzazi apumzike, nilikuwa nayo yote, na unajua mimi kunyamaza siwezi. Lakini nimenyamaza. Nimemwambia, "Mama, mwenye maziwa ni Nakundwa. Muulize yeye."

Akafikiri, akasema, "Ni kweli." Ndipo akanywa chai.

Amekaa hapa pembeni yangu sasa, ametengeneza khanga yake vizuri kama mtu anayesubiri kuingia ofisini. Nakuona umeshafika kwenye kona, unapanda, mtoto mgongoni. Ongeza mwendo, mwanangu. Mama mkwe wako ana swali, na mimi silijibu.

Mama yako